Kakontwe, Somo Linalochelewa

Mtoto wa Mombasa hupelekwa na shule yake Fort Jesus. Wa Dar es Salaam hupanda basi kwenda Bagamoyo, wa Kampala huteremka Entebbe kutazama wanyama na ziwa, na wa Arusha akibahatika hufika Olduvai. Hizo ni sehemu zilizokwisha kuandaliwa kwa ajili ya macho: pana lango, pana tiketi, pana mwongoza wageni aliyeihifadhi hadithi nzima kichwani. Sisi watoto wa Likasi, huko Katanga nchini Kongo, tulipelekwa kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe. Huko hapakuwa na tiketi wala hadithi iliyopangwa. Palikuwa na shimo kubwa, mawe ya kijivu, vumbi jeupe lililolala juu ya majani ya miti, na watu wazima waliokuwa kazini ambao hawakuiacha kazi yao kwa sababu ya kuja kwetu.

Nimeanza kuithamini safari ile nikiwa mtu mzima, na nimejiuliza kwa nini imechukua muda mrefu hivyo. Jibu nililolipata ni hili: safari ya shule ni somo linalotangulia swali lake. Darasani mwalimu huuliza na mtoto hujibu siku hiyohiyo, akapewa alama. Katika safari mtoto huonyeshwa jibu akiwa na miaka kumi, na swali lenyewe humjia akiwa na thelathini au arobaini, mwalimu amekwisha kustaafu au amekwisha kuzikwa. Ndiyo maana hakuna mtihani unaoweza kupima safari, na ndiyo maana fedha zikipungua safari huwa ya kwanza kukatwa.

Muulize mtoto jioni ya siku hiyo ameona nini. Atakuambia nani alitapika, nani alipoteza kiatu, mwalimu alimfokea nani, na walikula nini. Chakula hushika nafasi ya kwanza katika ripoti zote. Kwetu kilikuwa mkate na karanga kwa waliojaliwa, bukari baridi, yaani ugali wetu, na kapenta za kukaanga kwa waliobaki, na chupa ya munkoyo iliyopita mkono kwa mkono mpaka mwenye chupa akalia. Hatujafika hata nusu ya njia, tayari sauti ilikuwa ikitoka nyuma ya mstari: “Mwalimu, tutakula saa ngapi?” Mzazi anayesikia ripoti ya namna hiyo huona mchango wake umepotea bure. Haujapotea. Mtoto hufunga mzigo kwa namna yake: juu huweka vyepesi vinavyomchekesha, na chini kabisa, bila kujua, huweka vizito. Vya juu huisha njiani. Vya chini hukaa.

Kitu kizito nilichotoka nacho Kakontwe ni donge moja la chokaa. Kapita wa tanuri, yaani msimamizi wake, ambaye hatukumwuliza jina kwa kuwa mtoto haulizi jina la mkubwa, alichukua jiwe lililokwisha kuchomwa, akaliweka ndani ya bakuli la chuma, akaturudisha nyuma hatua kadhaa, kisha akalimwagia maji baridi. Mwanzoni hapakutokea kitu. Halafu jiwe likaanza kulia na kupasuka, maji yakachemka yenyewe pasipo moto, mvuke ukapanda, na donge lote likaporomoka likawa unga laini. Tulipiga kelele za furaha na za woga. Wengine walisema ni uchawi. Mwalimu hakutoa maelezo yoyote. Alisema tu, “Batoto, muangalie muzuri.”

Maelezo yalikuja baadaye, vipande vipande, kutoka katika vitabu na kwa watu wa kazi. Jiwe la chokaa likipashwa moto wa nyuzi 900 hivi huachana na hewa ya ukaa iliyofungiwa ndani yake. Kilo 100 za jiwe safi huacha kilo 56 za chokaa, na kilo 44 hupaa zikapotea angani. Chokaa hiyo ina kiu kali, na ikikutana na maji hujiunga nayo kwa nguvu inayozaa joto la kuyachemsha. Kanuni hiyo iliandikwa pia katika kitabu chetu cha sekondari, mstari mmoja. Wanafunzi wengi waliikariri. Wale tuliokuwa tumesimama Kakontwe hatukuhitaji kuikariri, maana tulikuwa tumesikia sauti yake.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: chokaa hii yote ni ya nini? Likasi ni mji wa shaba na kobalti. Uko kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, kwenye barabara ya kwenda Kolwezi. Wakoloni waliuita Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa vigogo wa Kibelgiji waliosimamia kuanzishwa kwa kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1906. Katika mji wa namna hiyo, jiwe lisilo na shaba ndani yake huonekana kama jirani maskini. Mtoto akitoka Kakontwe huenda akadhani amepelekwa mahali pasipo na maana kwa sababu mahali penye maana palikuwa na mlinzi mkali.

Kumbe mahali hapo ndipo palipobeba pengine pote. Katika tanuri za kuyeyushia shaba, jiwe la chokaa hutiwa ili lishikamane na uchafu wa mchanga na kuutoa nje ukiwa umeyeyuka. Katika viwanda vya kuchuja mbale, yaani mawe yenye madini, kwa povu, maji ya chokaa hupunguza ukali wa tindikali ili madini yatakiwayo yapande na yasiyotakiwa yazame. Katika kiwanda cha Shituru, kilichoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1920, mbale huloweshwa katika tindikali ya salfa, shaba ikavutwa kwa umeme, kisha maziwa ya chokaa hutiwa kwenye maji yanayobaki ili kwanza yaondoe chuma na takataka nyingine, halafu yaiangushe kobalti chini ya tangi. Tindikali huyeyusha, chokaa hutuliza. Bila ya yule jirani maskini, tajiri asingefika sokoni. Nilipoielewa kazi hiyo nilirudi kichwani kwenye donge lile na kulipa heshima yake.

Na jiwe lenyewe lina umri ambao hakuna mwalimu angeweza kuutaja mbele ya watoto wa miaka kumi bila kuchekwa. Wanajiolojia wameliweka katikati ya tabaka mbili za mawe yaliyoachwa na barafu. Chini yake lipo Grand Conglomérat, la enzi ya baridi kali iliyoanza yapata miaka milioni 717 iliyopita na kwisha karibu miaka milioni 660 iliyopita. Juu yake, mbali kidogo, lipo Petit Conglomérat, ambalo huhusishwa na enzi nyingine ya barafu iliyokoma miaka milioni 635 hivi iliyopita. Wataalamu wengi wanaamini kwamba katika enzi hizo barafu ilifunika karibu dunia nzima mpaka maeneo ya ikweta. Kati ya baridi hizo mbili ilikuja bahari ya joto, na chokaa yake ndiyo tuliyoikalia tukila kapenta.

Tulitafuta makombe ya bahari ndani ya mawe yale, maana mtoto mmoja alikuwa amesikia kwamba chokaa hutokana na makombe. Hatukupata hata moja. Leo najua sababu: jiwe la Kakontwe ni kubwa kwa umri kuliko kombe lolote. Lilipokuwa linatulia chini ya maji, hapakuwa na samaki, hapakuwa na konokono, hapakuwa na mti. Palikuwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, na bahari. Ukosefu ule wa makombe, ambao ulituudhi siku ile, ulikuwa ndio habari kubwa kuliko zote, na sisi tuliishika mikononi tukaitupa chini.

Kuna jambo jingine ambalo lingetufurahisha kama tungelijua. Jina la mtaa wetu limetoka Likasi na kuvuka mpaka. Wanajiolojia wanapoandika kuhusu tabaka hilo popote katika ukanda wa shaba hulitaja kwa jina la Kakontwe. Huko Ndola, nchini Zambia, chokaa huchimbwa katika tabaka la jina hilo. Na Kipushi, mpakani karibu na Lubumbashi, zinki na shaba zimelala ndani ya mawe ya Kakontwe. Mgodi wa huko ulifunguliwa mwaka 1924, ukasimama 1993, na 2024 ukaanza tena kutoa zinki. Mtoto anayekulia mtaani na kudhani dunia haijui alipo angetembea kifua mbele kama angeambiwa kwamba profesa wa mbali, asiyejua mitaa yetu ya Kikula wala Panda iko wapi, analijua jina la machimbo yaliyo nyuma ya nyumba yao.

Hayo ndiyo niliyoyapata kwenye jiwe. Niliyoyapata kwa mwalimu ni mengi zaidi, na yamechelewa zaidi.

Mtoto huona safari kama kitu kinachotokea chenyewe, mithili ya mvua ya Novemba. Hajui kwamba kabla ya asubuhi ile kulikuwa na barua kwa mkurugenzi wa shule, barua kwa wakubwa wa machimbo, jibu lililochelewa, na mwalimu aliyekwenda kwa miguu jioni kulifuatilia. Hajui kwamba mwalimu alitangulia kufika siku kadhaa kabla ili ajue wapi pana ukingo mbaya, saa ngapi baruti hupigwa, na wapi watoto wanaweza kujisaidia. Hajui kwamba wapo wazazi waliokataa kutoa mchango na wapo walioshindwa, na kwamba jina la mtoto wa walioshindwa liliongezwa kwenye orodha kimyakimya. Katika Kongo, ambako kwa miaka mingi mshahara wa mwalimu ulikuwa hautoshi hata kumfikisha katikati ya mwezi, na wazazi ndio walioongezea, kila safari ilikuwa na mtu mmoja aliyeigharimia kwa mwili wake.

Namkumbuka akihesabu. Alituhesabu mlangoni, njia panda, kwenye reli, tulipofika, kabla ya kula, baada ya kula. Tulimwona kero. Siku hizi nikiwa na watoto watatu sokoni mkono wangu haupumzi, na macho yangu yanakwenda kichwa hadi kichwa bila kuamriwa. Mwalimu yule alikuwa na darasa zima kando ya shimo la mawe. “Mukamatane mikono, mutu asitoke mu mulongo.” Sentensi hiyo ilikuwa sera nzima ya usalama, bima na sala.

Kisha kuna lile aliloamua kutolisema. Alikuwa na uwezo wa kuyaeleza mengi, kwani alikuwa msomi kwa kiwango cha wakati wake. Lakini pale machimboni alimwachia kapita nafasi. Mtu ambaye pengine alisoma miaka michache tu alisimama mbele ya wanafunzi akawa mwalimu kwa nusu saa, na mwalimu mwenyewe akasimama pamoja nasi akitazama. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba maarifa hukaa ubaoni na hushuka kutoka juu. Kakontwe tuliyaona yakitoka kwenye mikono iliyopasuka kwa chokaa. Sikumbuki somo lolote la uraia lililosema jambo hilo vizuri kuliko ile nusu saa.

Hata hivyo, mtu mzima anayeithamini safari ya utotoni hana budi kuitazama kwa macho mawili. Safari ile ilikuwa na wenyewe.

Wazo la kumtoa mtoto darasani akasome mazingira yake lilikuwa na watetezi hodari Ubelgiji. Daktari Ovide Decroly alifungua shule yake Brussels mwaka 1907 akitaka mtoto aandaliwe kwa maisha kwa kupitia maisha yenyewe, na mtaala wa shule za msingi za Ubelgiji wa mwaka 1936 ulibeba mawazo yake pamoja na somo la kuchunguza mazingira. Somo hilo lilifika kwetu pia likaingia katika ratiba za shule za msingi za Kongo, pamoja na ile desturi ya matembezi ya darasa. Ila Katanga ilikuwa na jambo lake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliamua kwamba ni nafuu kumweka mfanyakazi kambini pamoja na mke na watoto kuliko kuajiri wageni kila mwaka. Shule za kambi zilikabidhiwa wamisionari. Katika hesabu ya kampuni, mtoto wa kambini alikuwa mfanyakazi wa kesho. Kumwonyesha kiwanda kulikuwa kumzoesha mlango atakaoingilia.

Baada ya kutaifishwa mwaka 1967 kampuni ikawa ya taifa, ikaja kuitwa Gécamines, lakini ule uhusiano ulibaki. Watu walisema kampuni ndiyo baba na ndiyo mama: ilitoa nyumba, unga, hospitali, shule. Mtoto aliyepelekwa kuona mitambo alikuwa kama anayepelekwa kumsalimia mzee wa ukoo. Tulionyeshwa nguvu zake. Hatukuonyeshwa vitabu vyake vya hesabu.

Na yapo ambayo hayakuonyeshwa kabisa. Likasi ina makumbusho ya jiolojia yenye jina la Sengier na Cousin. Ndani ya makabati yake umelala utajiri wa Katanga kwa rangi zote: malakiti ya kijani, buluu za shaba, manjano za urani. Mji wetu hata una madini yake, likasiti, yaliyotambuliwa katika mgodi wa Likasi na kupewa jina mwaka 1955, buluu ya kupendeza. Mtoto anayesoma jina mlangoni huliona kama majina mengine ya Wazungu yaliyobaki ukutani. Edgar Sengier ndiye aliyekuwa mkuu wa Union Minière wakati wa vita kuu ya pili. Mwaka 1940 alihamishia New York zaidi ya tani 1,000 za mbale ya urani kutoka Shinkolobwe, na mwaka 1942 akaziuza kwa jeshi la Marekani. Shinkolobwe iko kilomita 20 hivi kutoka Likasi. Mbale yake iliingia katika kazi iliyozaa bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945.

Hatukupelekwa Shinkolobwe, na ilikuwa busara, maana mahali pale ni pa hatari. Uchimbaji wa watu wadogowadogo ulipigwa marufuku huko mapema mwaka 2004, na Julai mwaka uleule sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua watu. Lakini busara ya kutowapeleka watoto haikupasa kuwa sababu ya kutowaambia. Kilomita 20 ni mwendo ambao baba zetu waliupiga kwa baiskeli. Tuliishi umbali huo kutoka mahali palipobadilisha historia ya dunia, tukajifunza kuhusu Hiroshima kama habari ya Japani na Marekani.

Kwa hiyo safari ya shule ina ramani mbili. Moja ni ya mahali tulipopelekwa, nyingine ni ya mahali palipopitwa kando. Mtoto huijua ya kwanza. Mtu mzima anapoanza kuichora ya pili ndipo ile ya kwanza inapopata thamani yake kamili, kwa sababu asingejua palipopitwa kando kama asingetembea kabisa. Waswahili husema macho hayana pazia. Ukishamfundisha mtoto kutazama shimo moja kwa makini, huwezi kumzuia asitazame mengine.

Kisha yakaja mambo ambayo hakuna mwalimu aliyeyatarajia. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Katikati ya miaka ya 1990 haikufikisha hata sehemu ya kumi ya hizo. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990, uporaji wa 1991 ukamaliza kilichobaki, na siasa ikawageuza majirani kuwa maadui. Stesheni ya Likasi, ambako shule zilipeleka watoto kutazama garimoshi, mwaka 1992 na 1993 ilijaa familia za Wakasai waliofukuzwa makwao, wakilala hapo kwa majuma na miezi wakisubiri behewa la kwenda Kasai. Wengi hawakufika. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa katika mpango ulioitwa wa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa amekwisha kuandika, katika kitabu chake cha mwaka 2001, juu ya wana wa shaba waliotelekezwa na baba yao.

Nasema haya kwa sababu yanaonyesha kazi ya mwisho ya safari ya shule, kazi ambayo hakuna aliyeiandika katika mpango wa somo. Ilitufanya mashahidi. Sisi tulioingia tukiwa wadogo ndio tunaoweza kuwaambia wadogo zetu kwamba tanuri hili liliwaka, kwamba mahali hapa penye majani palikuwa na watu wa zamu tatu, kwamba baba wa fulani alisimama hapa. Nyaraka za kampuni zina tani na faranga. Hazina sauti ya donge la chokaa likilia ndani ya bakuli, wala harufu ya nguo za kazi, wala jinsi mtoto mmoja wa darasa letu alivyomwona baba yake kwa mbali akiwa na kofia ngumu na akashindwa kumwita, kwa kuwa alikuwa hajawahi kumwona akiwa mkubwa namna ile. Nyumbani baba yule alikuwa mtu wa kurudi amechoka na kulala. Kazini alikuwa mtu wa kusikilizwa. Mtoto yule alitembea njia nzima ya kurudi bila kuuliza habari ya chakula.

Leo Likasi ina kelele tena. Malori yanapita barabara ya Kolwezi mchana na usiku, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, nyingi ikiwa ya Katanga ya zamani. Machimbo na viwanda vimegawanywa kwa makampuni mengi, kila moja na ukuta wake, nyaya zake na walinzi wake. Mtoto wa Kakontwe analijua vumbi kuliko tulivyolijua sisi, na analipumua. Anayajua malori kwa rangi na kwa honi. Asichokijua ni kazi inayofanyika nyuma ya ukuta. Anakua kando ya utajiri kama mpita njia, katika mji wa wazazi wake.

Walimu nao wamebanwa. Elimu ya msingi ya bure iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019 iliwarudisha shuleni watoto wengi waliokuwa mitaani, na hilo ni jema lisilo na ubishi. Lakini madarasa yamefurika, na mwalimu mwenye umati mbele yake hawezi kuutoa nje peke yake na kuuvusha barabara ya malori. Mchango wa safari, hata ukiwa mdogo, unaonekana kama karo inayorudi kwa mlango wa nyuma. Basi safari inafutwa, na hakuna anayelalamika, kwa sababu wanaopoteza watajua walichopoteza baada ya miaka thelathini.

Njia ya kutokea ipo, na imeandikwa katika sheria. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inayataka makampuni ya uchimbaji yatenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoyazunguka, na kuandikiana na jamii hizo orodha ya wajibu. Kwa kawaida orodha hizo hujaa visima, zahanati na madarasa, na vyote vinahitajika. Ningeomba uongezwe mstari mmoja usiogharimu hata bei ya tairi la lori: kwamba kila mwaka, katika kiangazi, lango litafunguliwa siku moja kwa ajili ya shule za jirani, kofia ngumu ziwepo za kutosha, baruti isipigwe siku hiyo, na fundi mmoja wa mikono, si afisa wa habari, apewe nafasi ya kueleza anachokifanya.

Wazazi wa Likasi, wa Kambove, wa Kolwezi na wa Lubumbashi, mkifika kwenye vikao vya orodha hizo, uombeni mstari huo kwa sauti. Walimu, msingoje basi: anzeni na kilicho umbali wa kutembea, machimbo, makumbusho, stesheni, mto, na mkifika waacheni wenye kazi waseme. Na wewe uliyewahi kushikana mikono katika mstari ule, kama mwalimu wako bado yu hai, mtafute umwambie ulichokielewa. Yeye alilitoa somo akijua hatakuwepo utakapolielewa.